Gari la Deraya na Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Alikuwa akikohoa mara mbili akiwa bado nyuma ya migomba, kabla hajaingia uwanjani, ili mimi nipate muda wa kuacha nilichoshika na kujificha. Kama nachambua maharage, naacha maharage. Kama nina povu la sabuni mikononi, naondoka na povu langu, najitupia khanga kichwani na kuzunguka nyuma ya jiko mpaka apite. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Hamsemeshi, hali naye, njiani wakikutana anaingia porini, na jina lake halitamki kabisa. Siku hizi wengi wameacha, wanatumiana hata picha kwenye simu na wakwe zao. Yeye hakuacha, na mimi sikumwomba aache.

Sikumwomba kwa sababu ya kiburi, nisiseme uongo. Mimi ni mtoto wa mjini Tukuyu, wa ukoo wa Waislamu uliokuja zamani na biashara ya nguo kutoka pwani. Mume wangu ni Mnyakyusa wa kijijini Masukulu. Alisilimu kabla ya ndoa, na baba yake hakumkataza; alisema tu kwamba dini abadili akitaka, lakini ukwe hauna mjadala. Siku ya arusi nilimsikia shangazi mmoja wa mume wangu akinong'ona jikoni, "Huyu Mswahili wa mjini, mdomo kutwa, ataweza mambo ya ukwe? Mwezi mmoja mwingi." Nikasema moyoni, we mama, utaniona. Na kweli waliniona. Miaka tisa sikutamka jina la baba mkwe hata nikiwa peke yangu chumbani. Mwanangu wa kwanza kapewa jina hilo hilo la babu yake, na mimi nyumbani namwita Babu tu. Wanawake wa Masukulu wakawa wanawaambia binti zao waige kwangu, na nilifurahi mno kusikia hivyo.

Kazi yangu ni kuchora. Nilisomea uhandisi, nikaajiriwa katika karakana ya kuunda magari, mbali na kwetu, siitaji. Mume wangu alibaki Tukuyu kufundisha na mimi nilikuwa nikija likizo. Miaka michache iliyopita karakana ikapewa kazi ya kubuni gari la deraya la kubebea askari, la magurudumu sita, mfano wa kwanza kabisa, lijaribiwe kisha waamue kama yatengenezwe mengine. Wenzangu walipewa injini, ekseli na kichwa cha dereva. Mimi nikapewa chumba cha nyuma wanapokaa askari wanane, wanne huku na wanne huku, magoti yakikaribia kugusana.

Watu hudhani gari la namna ile ni chuma kinene tu. Kumbe ni ugomvi wa uzito tangu asubuhi hadi jioni. Ukiongeza bamba la chuma, injini inalalamika. Ukipunguza bamba, unamwacha mtu wazi. Sakafu ya chini niliichora ikiwa na pembe kama tumbo la mtumbwi, ili bomu likilipuka chini nguvu yake ikimbilie pembeni. Viti sikuvifunga sakafuni, nilivining'iniza ukutani kwa mikanda, sakafu ikirushwa juu isiwavunje watu viuno. Viti vile nilivipenda sana. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mzee, ni askari, na alikuwa amechaguliwa kati ya watakaokaa nyuma siku ya majaribio. Alikuwa akinipigia simu na kunitania: "Shem, kiti changu kina mto? Nisije nikakaa kwenye chuma kama kuku wa mnadani."

Juu ya paa nilikuwa nimechora milango miwili midogo ya mviringo. Siku moja mkuu wangu wa kitengo akaja mezani kwangu na kalamu nyekundu. Gari lilikuwa limezidi uzito na mlima halipandi. Akaniambia milango ya juu itoke yote miwili; kila tundu linahitaji fremu na bawaba na komeo, na kila tundu linadhoofisha paa. Mlango wa nyuma unatosha. Nilibisha kidogo, akanionyesha hesabu, nikaona ana haki. Nikachora paa zima bila tundu na kutia sahihi yangu chini kulia, mahali pa sahihi.

Lakini roho haikutulia. Nikiwa likizo Tukuyu nikamwambia baba yangu, "Baba, nataka uniundie sanduku." Baba ni seremala, maisha yake yote ametengeneza milango, makabati na bodi za malori. Nikampa vipimo vya ndani tu, siri za watu nikaziacha kwao. Tukanunua plaiwudi na papi za mlingoti, na ndani ya siku nne uani kwetu kukasimama chumba cha askari wanane, mabenchi yametundikwa ukutani, mlango mmoja nyuma, paa limefungwa. Mtaa mzima ukaja kuangalia. Mmoja akauliza kama tunafungua banda la chipsi. Mwingine akasema, "Hapana, hilo ni la kuku wa kisasa, huoni halina madirisha?" Baba akawajibu kwamba ni kabati la binti yake, binti ana khanga nyingi. Wakacheka, nami nikacheka.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: je, watu wanane waliobeba mizigo wanaweza kutoka haraka kwa mlango mmoja? Mume wangu akawaomba ndugu zake wa Masukulu, wanaume wenye vifua, wakaja saba na yeye wa nane. Nikawavalisha mabegi yaliyojaa viazi mviringo mgongoni na mbele, nikawakalisha, nikashika saa ya simu, nikapiga kelele, "Tokeni!" Wakatoka kama wanafukuzwa na nyuki. Mara ya kwanza walikwama mlangoni wakitukanana, mara ya tano wakawa wanamwagika vizuri, wa mwisho anatoka kabla sijavuta pumzi mbili tatu. Nilifurahi, jamani. Nikasema mkuu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa na wasiwasi wa bure.

Walipokaa barazani kwa chai na maandazi, mimi nikaingia tena sandukuni kupima nafasi ya miguu kule mbele kabisa. Nimepiga magoti, futi kamba mdomoni. Nikasikia hatua mlangoni, mwanga ukapungua. Sikusikia kikohozi. Angekohoa kwa nini? Pale hapakuwa kwake Masukulu, palikuwa kwa baba yangu, alikuja kuangalia wanawe wanafanya nini, na hakujua kama kuna mtu ndani. Nilimjua kwa viatu. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye mlango pekee wa lile sanduku, na mimi nilikuwa ndani, mwishoni mwake.

Nikajitupia khanga usoni na kugeukia ukuta. Yeye naye akaniona, nikasikia akigeuka haraka kunipa mgongo. Nikangoja aondoke. Hakuondoka. Nikachungulia kwa chini ya khanga, nikaona amekaa kwenye ukingo wa benchi la mwisho, mgongo kwangu, mkono wake umeng'ang'ania mwimo wa mlango kama gari linakwenda. Kutoka siwezi, maana lazima nimguse. Kusema siwezi. Nikaangalia juu kama kuna pa kupitia, nikaona plaiwudi, safi kabisa, niliyoichora mwenyewe.

Basi akaanza kusema. Hakusema na mimi, alisema na zile mbao. Lakini alisema Kiswahili, na mzee wa Masukulu akizungumza na mbao angezungumza Kinyakyusa chake. Nikajua hayo maneno ni yangu.

"Nililipanda gali kama hili," alisema. Kwenye ulimi wake kila "r" ilikuwa "l", na siku zote nilikuwa nikiipenda sauti hiyo kutoka nyuma ya jiko. "Nikiwa kijana, vitani. Tulikuwa tisa. Halikupigwa bomu, hata lisasi moja. Mvua tu. Liliteleza kwenye tuta, likalalia ubavu. Mlango wa nyuma ukawa umening'inia, mzito, na tope limeushika chini. Tukasukuma. Halafu moshi. Tulitoka watatu, kwa tundu la juu, pale anaposimama mwenye bunduki. Mimi nilikuwa jilani na tundu. Wengine walikuwa huku mlangoni."

Nikamsikia akipapasa paa kwa kiganja.

"Watu hawa wanakimbia vizuli. Lakini wanakimbia gali likiwa limesimama. Gali la vita linasimama? Mimi sijui kuchola. Nauliza mbao tu. Tundu la juu nani kaziba?"

Kisha akainuka taratibu, akashuka, akaenda zake bila kugeuka. Alikuwa mtu ambaye hata wanawe hawajawahi kumsikia akisema habari za vita. Nilimuuliza mume wangu jioni ile ile, akaapa kwamba hajui chochote. Mzee alikuwa amenipa mimi, kwa sababu mtoto wake wa mwisho angekaa kwenye lile benchi.

Asubuhi nikamwambia baba na mume wangu tuliangushe sanduku. Tukaliangusha ubavu wa kulia, ule ambao ukilaliwa bawaba za mlango zinakuwa juu. Baba akafunga mifuko miwili ya saruji mlangoni, na hata hiyo ilikuwa nyepesi kuliko bamba lenyewe. Nikaingia ndani na mashemeji wawili wa jana. Tukasukuma. Mlango uliinuka kidogo ukarudi, ukainuka ukarudi, kila mara ukipiga kama unatucheka. Ilibidi mmoja aushike juu kwa mabega ili mwingine apite, na huyo wa kuushika atatoka vipi? Nilitoka mle nimelowa jasho. Baba akafuta vumbi mikononi akasema, "Mwanangu, mimi nimetengeneza makabati mengi, lakini hili ni jeneza." Nilimkasirikia kwa neno lile, nikamjibu vibaya. Nilimkasirikia kwa sababu lilikuwa kweli.

Nikakatisha likizo. Nilirudi karakana na picha na vipimo, nikamwekea mkuu mezani. Si mtu mbaya, nisimwonee. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema mbao na viazi ni mchezo, gari letu ni pana na zito, kulala kwake si jambo jepesi. Lakini habari ya yule mzee ilimgusa. Akaniuliza ni nani. Nikasema ni baba mkwe wangu.

"Vizuri. Kuna fomu ya kuomba kubadili mchoro. Jaza. Pale pa shahidi andika jina lake kamili na kikosi chake cha zamani. Nikiwa na jina nitaandika barua nitafutiwe kumbukumbu za hiyo ajali. Nikipata karatasi, paa linatobolewa, hata wakinuna. Bila jina mimi nina hadithi tu."

Ijumaa baada ya swala nikakaa na ile fomu. Nilijaza kila kitu. Sababu za kiufundi nilizijaza mpaka nikaunganisha karatasi. Nikafika kwenye mstari wa jina la shahidi.

Mtanicheka. Mwanamke mzima, mhandisi, nimeshika kalamu na mkono hauandiki. Miaka tisa nilikuwa nimelizunguka jina lile mpaka likawa kama shimo la choo cha zamani, mahali ambapo mguu wenyewe unakataa kukanyaga. Kuliandika niliona ni kulitamka. Na liende kwenye ofisi za watu, lisomwe na makarani, kwa mkono wangu? Nilisikia sauti ya yule shangazi jikoni. Nikauacha mstari wazi. Pale pa maelezo nikaandika: "Mzee mstaafu, mkwe wa mwombaji."

Sasa niseme lililo chini ya hilo, maana nimeahidi nafsi yangu kusema. Simu ilikuwa mezani. Ningempigia mume wangu aje yeye aandike, au anitumie jina kwa ujumbe nimpe mkuu simu asome mwenyewe. Ni kazi ya dakika moja. Niliwaza hivyo hivyo siku ile, si kwamba nimelipata baadaye. Sikupiga. Kwa sababu paa lile lilikuwa na sahihi yangu. Kwa sababu barua ikienda, kila mtu angejua nilitia sahihi kwenye kitu nisichokiamini. Adabu ya ukwe ilinipa mahali pa kujificha, na mimi kujificha nilishakuzoea.

Fomu ilirudi baada ya siku chache, imegongwa muhuri: haijakamilika. Niliitia kwenye droo. Nilijiambia nitafuatilia. Majaribio yakapangwa, na balaa, walikuwa wanatafuta mahali penye mvua, mlima na udongo unaoteleza, na nani alipendekeza Rungwe, wilaya yetu? Mimi. Nilikuwa nimependekeza zamani, mwanzoni kabisa, kwa majivuno, nikitaka kwetu waione kazi yangu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ile ya kwetu isiyokuwa na haraka. Barabara ya udongo juu ya Kawetele ilikuwa imelowa tangu juzi yake. Watu walijaa kando, wengine wamekata majani ya mgomba kujifunika. Upande wa juu tulisimama sisi wa karakana. Baba mkwe alikuja na mwanawe mkubwa, yaani mume wangu, na aliponiona akahamia upande wa chini wa barabara, kwa adabu yake ile ile. Shemeji alipita mbele yangu na kofia ngumu kichwani, akanikonyeza. "Shem, leo nakalia mto wako." Nyuma wakaingia watano, nafasi zilizobaki wakaweka mifuko ya mchanga.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nikampungia mkono.

Gari lilipanda vizuri, watu wakapiga vigelegele. Lilipanda tena. Mara ya tatu, kwenye kona, ukingo wa barabara uliachia. Hakukuwa na kishindo. Lile lidude lilienda pembeni taratibu, kama ng'ombe anayetaka kulala, likalalia ubavu wa kulia mtaroni, magurudumu matatu yakizunguka hewani. Paa limeelekea bondeni. Mlango wa nyuma umening'inia, na tope limeupandia chini.

Kelele zilianza ndani. Dereva alitoka kwa kidirisha chake cha mbele. Watano wa nyuma hawakutoka. Nilikimbia, na watu wote wakakimbia, nami macho yangu yakamwona baba mkwe. Yeye hakwenda mlangoni. Alikuwa ameshuka bondeni, upande wa paa, anapiga lile bamba kwa viganja vyote viwili, huku na huku, anatafuta. Anatafuta tundu. Na gari lilikuwa bado linatambaa, kidogo kidogo, linateremka kumfuata.

"Mzee!" watu walipiga kelele. "Mzee, toka hapo!" Wazee walikuwa wengi pale, hakugeuka. Mume wangu alikuwa mlangoni anavuta na wenzake, haoni. Nikaita "Baba!" na yeye hakujua kama anaitwa yeye, sijawahi kumwita kwa chochote. Gari likatambaa tena.

Nikalitaja. Nililipigia yowe jina lake lote, la kwake na la baba yake, mbele ya watu wote wa Kawetele, jina ambalo nilishindwa kuliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti, ofisini, na kalamu nzuri. Akageuka. Tukaangaliana. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona kwa mbele. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo mwanangu mkubwa hulichezea kila siku, na mimi sikulijua. Akaruka pembeni. Gari likateremka urefu wa mkono mmoja, pale pale alipokuwa, likasimama.

Mlango waliuinua kwa nguzo ya uzio. Wanne walitoka. Wa tano, wa mwisho, alikuwa shemeji, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameushikilia kwa ndani ili wenzake wapite. Nguzo ilikuwa na tope. Iliteleza, mlango ukaanguka mkono wake ukiwa nje.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko. Nilipoingia kumwona alikuwa amezinduka, akanitazama, akatabasamu yule mtoto wa watu. "Shem, kiti kilikuwa kizuri. Hakikung'oka hata kidogo." Nilitoka nje nikakaa sakafuni kwenye korido nikalia mpaka manesi wakaja. Hapo ndipo nilipomwambia mume wangu habari ya fomu, yote, hadi ya simu iliyokuwa mezani. Hakunipiga, hakunitukana. Alikwenda kumwambia baba yake, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza mzee alisema nini. Kwanza aliuliza, "Jina langu lilikuwa linatakiwa?" Akarudia kuuliza. Halafu akasema, "Ningelileta mwenyewe. Ningepanda basi."

Sasa paa la lile gari lina milango miwili, na mlango wa nyuma umewekewa mkono wa chuma unaousukuma ufunguke wenyewe gari likilala. Nilichora mimi. Safari hii hakuna aliyeomba fomu wala jina la mtu. Wenzangu wananipongeza na mimi naitikia.

Juzi nilikwenda Masukulu kusalimia, na sukari na sabuni zangu kwenye kapu. Njia ile inapita katikati ya migomba. Nikamwona anakuja kwa mbali na jembe begani. Mwili ukafanya wenyewe uliyoyazoea: nikaacha njia, nikaingia kwenye migomba, khanga kichwani, uso chini, nikangoja apite kama siku zote.

Alikuja moja kwa moja. Alisimama mbele yangu, akanitaja kwa jina langu nililopewa na wazazi wangu, kama unavyomtaja muuza duka, mtu asiye mkwe wako, akaniuliza habari za mjini. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanipita, akaendelea na safari yake.

Hakukohoa.